Kirusi Kilichokuwa Kikirudi Mapokezi

Mtoto wangu wa pili ni fundi wa kompyuta. Kwa muda mrefu watu wakiniuliza anafanya kazi gani nilikuwa najibu "anashughulika na mashine," halafu nabadilisha mazungumzo kabla hawajauliza mashine gani. Si kwamba nilikuwa naona aibu. Sikujua kueleza, na mzazi asiyejua kueleza kazi ya mwanawe huonekana kama anaficha jambo.

Nyumbani tunamwita Kimya. Jina hilo alilipata siku ya kuzaliwa. Alitoka bila kulia, mkunga akampiga vibao viwili vya mgongoni, naye akafungua macho akamtazama mkunga kama mtu aliyeamshwa bila sababu ya maana. Bibi yake akasema, "Huyu na ukimya wake atatuua kwa presha." Basi jina likakaa. Leo ana miaka ishirini na saba na maneno yake ya siku nzima unaweza kuyabeba kwenye kiganja, isipokuwa umuulize habari za kompyuta. Hapo tafuta kiti kabisa.

Alipokuwa na miaka sita alifungua redio ya baba yake kwa kisu cha mezani. Tulimkuta amezipanga skrubu mkekani kwa ukubwa, ndogo mbele, kubwa nyuma, kama watoto wa shule asubuhi. Baba yake ni dereva wa lori la mchanga, mtu wa maneno mengi na viboko vichache. Alishika kiuno.

"Sasa nani ataifunga?"

"Mimi."

Akaifunga. Ilibaki skrubu moja, lakini redio ikaimba. Mpaka leo baba yake husema ile skrubu ndiyo iliyokuwa ikiifanya ikwaruze.

Mimi nilitaka awe mhasibu. Nilimwona tayari kwenye ofisi yenye feni, na kalamu mbili mfukoni. Tukampeleka chuo, akasoma mwaka mmoja, akarudi na begi lake.

"Mama, sitaki."

"Hutaki nini?"

"Uhasibu."

Nililia siku tatu. Siku ya nne nikagundua kwamba nalia peke yangu. Yeye alikuwa ameshapata mahali pa kujifunza, kwa fundi mmoja mzee mwenye kikohozi na subira, akakaa naye miaka miwili. Alipotoka pale alikuwa anaifungua kompyuta kama mimi ninavyomenya kitunguu.

Sasa ana chumba chake, katikati ya saluni na fundi viatu. Ni chumba cha hatua nne kwa tatu, nimezipima mwenyewe. Kina meza, taa yenye shingo ndefu, brashi ya kupakia rangi anayofutia vumbi, na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa skrubu, kila kopo na karatasi yake. Mlangoni ameandika kwa mkono: USINIAMBIE HAIKUGUSWA. Wateja wanasoma, wanacheka, wanaingia, wanaweka mashine mezani na kusema, "Fundi, hii hata haikuguswa."

Mimi nafanya kazi mapokezi kwenye kituo cha afya. Nilianza pale nikiwa mfagizi. Shule yangu ni ya msingi, nilimaliza, na cheti changu kipo kabatini. Kompyuta ya kwanza ilipowekwa kwenye dirisha la mapokezi, karani alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri, tuliyemwita Bi Mkubwa. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Siku moja aliniona nafagia palepale kwa muda mrefu.

"Wewe," akaniambia, "ufagio uko chini lakini macho yako huku kwangu. Vuta kiti."

Alinifundisha mambo matatu: kumsajili mgonjwa, kuchapisha lebo ya faili lake, na la tatu akaniandikia kwenye daftari hatua kwa hatua, akalipigia mstari. Ikikusumbua, irudishe siku ilipokuwa nzima.

Maana kompyuta ina uwezo huo. Unafungua mahali fulani, inakuletea orodha ya tarehe ambazo ilijihifadhi, unachagua siku ambayo mambo yalikuwa sawa, inafikiri kama robo saa, inajizima, inawaka, basi. Majina ya wagonjwa hayapotei, ila kompyuta yenyewe inakuwa kama ilivyokuwa siku ile. Bi Mkubwa alipostaafu nikapewa kiti chake, nikafuata daftari kama mtu anavyofuata maandishi ya dawa. Sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na kwa sababu mtu aliyekuwa mfagizi akijua jambo, wenzake hutaka kwanza kujua nani kamruhusu.

Mwaka huu daktari mkuu wa kituo alichoka na mafundi wa kuitwa leo na kufika baada ya wiki mbili. Kituo kina kompyuta tisa. Akatafuta fundi mmoja wa kuzitunza zote. Walijitokeza wawili: kampuni yenye gari lililoandikwa ubavuni na wafanyakazi wa fulana za rangi moja, na Kimya, na mkoba wake wa mgongoni. Daktari akasema atampa Kimya mwezi mmoja wa majaribio. Mashine zikitulia, mkataba wa mwaka mzima. Zisipotulia, anawaita wenye gari.

"Na usifikiri ni kwa ajili ya mama yako," akamwambia. Daktari wetu huongea haraka kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

"Sikufikiri."

"Hata hakuniomba."

"Najua. Nilimkataza."

Kweli alikuwa amenikataza. Alinipa na masharti mengine njiani.

"Kazini usiniite mwanangu. Niite fundi."

"Na wewe utaniita nani?"

Akafikiri kidogo. "Mama."

"Sasa hiyo haki iko wapi?"

"Mama, pale kituoni hata wazee wanakuita mama."

Wiki ya kwanza ilikwenda kama maji. Alisafisha mashine zote tisa, akatoa kwenye mashine ya maabara vumbi la kutosha kujaza foronya, akazifunga nyaya zilizokuwa zinatukwaza miguu. Nilikuwa namtazama kupitia dirisha langu na kujifanya natazama foleni. Mtoto asiyeongea alikuwa anaongea na kila mtu, na watu wazima wanamsikiliza. Nilianza kulala usingizi mzuri, jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

Jumanne ya wiki ya pili nikafungua orodha ya wagonjwa, na mahali pa orodha akatokea mwanamke anayecheka, anataka nicheze kamari. Nikamfunga. Akarudi, na sasa wako wawili. Dirishani alikuwepo mzee mmoja wa kupima presha, akainama, akatazama skrini.

"Na hawa nao wanamsubiri daktari?"

Kisha muuguzi akachomeka flashi yake kuchukua ripoti, akakuta mafaili yake yote yamegeuka vishale vidogo visivyofunguka. Akapiga ukelele, mtoto mmoja kwenye benchi akaanza kulia, na Kimya akaitwa.

Akaja, akakaa kwenye kiti changu, akaipekua mashine kwa dakika kumi. Halafu akauliza, "Nani anachomeka flashi hapa?"

Muuguzi akachomoa yake. Mfamasia, kijana nadhifu anayepiga pasi hadi soksi, akasema, "Mimi yangu ni ya nyimbo tu."

"Sijauliza ina nini."

"Nimetangulia kusema, fundi, ili tuelewane."

Ilichukua saa moja na nusu. Alipomaliza akanieleza kwamba ni kirusi, kwamba kilikuwa kimejipachika ndani ya programu ya ile printa ndogo ya lebo, na kwamba amekiondoa pamoja na programu yenyewe. "Nakuja mchana na programu safi. Kwa sasa andika lebo kwa mkono."

"Sawa, fundi," nikasema.

Sasa, siku ile ilikuwa siku ya kina mama na watoto wachanga. Benchi lilikuwa limejaa, ukutani wameegemea, na mlangoni wengine wanaingia na miavuli. Mkono wangu si mwepesi wa kuandika. Nilipofika faili la saba, mama mmoja aliyebeba mapacha akasema kwa sauti ya kusikika, "Dada, hawa nilikuja nao wananyonya. Naona wataanza shule hapahapa."

Watu wakacheka. Nikafungua droo, nikatoa daftari. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kirusi kimeshafutwa, kilichobaki ni printa tu, basi nitairudisha kompyuta Alhamisi iliyopita, printa ilipokuwa nzima. Robo saa baadaye printa ikaanza kutema lebo, na yule mama wa mapacha akanipigia makofi.

Kimya alirudi saa nane mchana. Akasikia printa kabla hajafika dirishani.

"Mama, hii inachapishaje?"

"Imekubali."

"Imekubali yenyewe?"

"Fundi, mimi nasajili wagonjwa."

Akanitazama. Akavuta kiti ili akague, lakini maabara wakamwita mbio, mashine yao imegoma kuwaka, na alipotoka huko mimi nilikuwa nimeshazima na kufunga dirisha.

Jumatatu iliyofuata yule mwanamke wa kamari akarudi, anacheka vilevile. Kimya akasafisha tena, na safari hii akaweka programu safi ya printa kabla hajaondoka. Ilikuwa safi, sikatai. Lakini ilikuwa inachapisha lebo kwa ukubwa mwingine, jina linakatwa katikati. Mtu anaingia na majina matatu, anatoka na moja na nusu. Nikampigia simu. Akaniambia, "Ni kurekebisha vipimo tu, mama. Nipe saa moja." Nikasema sawa. Nilipoweka simu chini, mkono mwingine ulikuwa umeshashika daftari, na kabla saa haijaisha nikampigia tena asisumbuke, majina yanatoka mazima.

Nataka nieleweke. Sikuwa nafanya ukaidi. Nilikuwa nasema moyoni, mtoto ana mashine nane nyingine za kuangalia, hii moja nimpunguzie.

Ijumaa jioni, tukiwa tunafunga, daktari alikuja mwenyewe kuangalia idadi ya wagonjwa wa wiki. Mwanamke wa kamari akajitokeza mbele yake, mkubwa, skrini nzima. Daktari hakucheka naye. Akamwita Kimya.

"Fundi, hii ni mara ya tatu."

"Ndiyo, daktari."

"Na ni mashine ileile."

"Ndiyo."

"Kirusi hiki kikiingia kwenye mashine ya maabara, mimi nitampa mtu majibu ya mtu mwingine. Umenielewa? Jumatatu saa sita mchana. Kama bado kipo, nawapigia wenye gari."

Kimya akafunga mkoba wake taratibu, zipu moja, zipu ya pili. Tulitembea hadi nyumbani bila neno. Kwa kawaida ukimya wake una nafasi ya watu wawili. Siku ile haukuwa na nafasi yangu.

Jumapili mchana tulikuwa tunakunja nguo, mimi na yeye, baba yake amelala kwenye kochi na gazeti usoni. Akaanza kuongea ghafla, kama bomba lililozibuka.

"Nimekiona kilipo, mama. Kiko stoo."

"Stoo ipi?"

"Kompyuta inajitunzia nakala zake za akiba. Kila baada ya muda inajipiga kama picha, inaweka stoo, ili ikiharibika iweze kurudi ilivyokuwa. Sasa ilipojipiga picha kirusi kilikuwa kimeshaingia. Kikapigwa picha pamoja nayo. Mimi nafagia sebuleni, nafagia jikoni, chenyewe kimekaa stoo kimenyoosha miguu."

"Si ukifagie hukohuko?"

"Mlango haufunguki. Antivairasi inakiona, inapiga kelele, lakini ikitaka kukifuta inakataliwa. Kompyuta inailinda ile stoo isiguswe na mtu. Inadhani inalinda uzima wake."

"Kwa hiyo kinatoka chenyewe?"

"Hapana. Kikiwa mle kimelala tu, hakimdhuru mtu. Mpaka atokee mtu airudishe kompyuta nyuma. Huyo ndiye anayekiamsha, anakinawisha uso, anakipa na chai."

Nilikuwa nimeshika shuka. Nikalikunja.

"Na kuna mtu ameirudisha nyuma," akasema. "Mara mbili. Tarehe nimeziona zimeandikwa mle ndani. Jumanne ile saa nne asubuhi, na Jumatatu saa tano. Nimeuliza kituo kizima. Daktari hajui kufanya hivyo, wauguzi hawajui, mfamasia hata kuizima anachomoa waya."

"Umeuliza wote."

"Wote."

"Na mapokezi?"

"Mama, mapokezi si ni wewe?" Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Saa hizo ulikuwa wapi? Labda ulitoka kidogo, mtu akakaa kwenye kiti chako."

Nikalikunja shuka mara ya pili.

"Labda nilikwenda msalani," nikasema.

Baba yake akaongea chini ya gazeti. "Hilo shuka likikunjwa tena litaingia kwenye bahasha."

Nilikaa na jambo lile hadi asubuhi. Hofu yangu haikuwa moja. Niliogopa kurudishwa kwenye ufagio. Niliogopa watu waseme fundi hakushindwa na kirusi, kashindwa na mama yake. Na zaidi ya hapo nilikuwa nimemwona akicheka. Hakunishuku hata kidogo, kwa sababu hakudhani naweza. Hilo lilinichoma kidogo, na wakati huohuo lilikuwa limenificha vizuri sana.

Jumatatu tulitoka saa kumi na mbili na nusu. Barabara ilikuwa imelowa, wenye maduka wanafagia vizingiti. Tulipofika usawa wa saluni nikasimama.

"Kimya."

"Fundi."

"Hatujafika kazini."

"Haya. Nini?"

"Sikwenda msalani."

Hakuelewa. Halafu akaelewa. Niliona macho yake yakienda kwenye Jumanne saa nne, yakaenda kwenye Jumatatu saa tano, yakarudi kwangu.

"Wewe?"

"Mimi."

"Zote mbili?"

"Printa ilikuwa imekufa, mwanangu, na wale wenye watoto..."

"Mama. Nani alikufundisha?"

"Bi Mkubwa. Aliniandikia."

Akakaa kwenye kizingiti cha saluni, palepale kwenye unyevu, akashika kichwa. Mwenye saluni akatoka na ufagio. "Kuna msiba?"

"Hapana," Kimya akasema. "Kuna fundi mwingine kwenye familia na sikuambiwa."

Nilisubiri anikasirikie. Alinikasirikia, hilo halikukwepeka, ila kwa namna yake: alitembea mbele yangu hatua kumi mpaka kituoni, bila kugeuka. Getini akanisubiri.

"Usimwambie daktari," akasema. "Nitamwambia ilijirudisha."

"Umeandika nini mlangoni kwako?"

Akasukuma geti. Tukaingia.

Daktari alikuwa ameshafika. Alisimama nyuma ya dirisha la mapokezi, mikono mfukoni. "Enhe, fundi. Umegundua chanzo?"

"Kuna mtu aliirudisha mashine nyuma, daktari. Akiba yake ina kirusi."

"Mtu gani?"

Kimya akaanza kufungua zipu ya mkoba wake. Wauguzi wawili walikuwa wanavaa makoti, mfamasia anakunywa chai. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mimi."

Daktari akanitazama, akaitazama kompyuta, akanitazama tena. "Mama, wewe unajua kuirudisha kompyuta nyuma?"

"Najua."

"Mimi sijui."

"Nimeandikiwa."

Mfamasia akaweka kikombe chini, akakitazama kilemba changu. "Kumbe kirusi chenyewe kilikuwa kinavaa kilemba," akasema, na wauguzi wakageukia ukuta ili wacheke. Daktari hakucheka. Akatazama saa yake. "Saa sita ni saa sita," akasema, akaingia ofisini.

Kimya alianza kwa kuchomoa waya wa mtandao, ili kirusi kisipige hodi kwa majirani. Kisha akanakili orodha ya wagonjwa kwenye diski yake, akaikagua hukohuko kwenye mashine yake ndogo, ikawa safi. Mimi niliandika lebo kwa mkono, na siku ile nilikuwa na kasi. Saa nne akaniita.

"Njoo uone akiba yako."

Zilikuwa tarehe ishirini na mbili zimepangwa kwenye orodha. Alhamisi yangu ilikuwemo. Akanieleza kwamba mlango wa stoo haufunguki kwa kusukumwa, ila kompyuta yenyewe ukiiambia iache kutunza akiba, inabomoa stoo nzima na kila kilichomo, kizuri na kibaya. Ndiyo njia.

"Zote?"

"Zote."

"Na kukitokea kitu katikati?"

"Hatuna pa kurudi."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya nyanya, lakini niliona amekunja vidole vya miguu kwenye makubazi yake. Ndivyo afanyavyo tangu mtoto akiwa na hofu.

"Sogea hapa," akasema. "Bonyeza wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu nikibonyeza mimi, wewe utaendelea kuitafuta Alhamisi yako."

Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Sijawahi kuwa na hakika na jambo lolote tangu niolewe. Nikabonyeza. Tarehe ishirini na mbili zikaondoka kwa pamoja, bila hata mlio.

Kisha akaizima, akaiwasha kwa namna ambayo inaamka nusu tu, vitu vichache, rangi zimefifia, kama mtu anayefungua mlango na shuka begani. Alisema ikiwa hivyo kirusi nacho hakijapata nguo za kuvaa. Akaiachia antivairasi ipekue. Namba ikawa inapanda asilimia moja moja. Saa tano ilikuwa arobaini na moja. Ikakuta kirusi kwenye programu ya printa, ikakifuta. Ikakuta kingine kwenye kabrasha la muda, mahali kompyuta inapoweka vitu vya kupita, ikakifuta. Saa tano na nusu ilikuwa sitini na mbili, na pale ikasimama.

"Mbona imesimama?"

"Inasoma faili kubwa."

"Au imekufa?"

"Mama, kuna mgonjwa dirishani."

Ili asiitazame ile namba akakusanya flashi zote za kituo. Aliziweka kwenye bakuli la chuma la wauguzi, zilikuwa kumi na nne, akaanza kuzipima moja moja kwenye mashine yake ndogo, kama watoto wa kliniki wanavyopanda mizani. Ya muuguzi wa zamu, virusi vitatu. Ya maabara, safi. Ikafika moja nyekundu yenye utepe.

"Mia mbili na kumi na nne," Kimya akasema.

"Hiyo si yangu," mfamasia akasema.

"Utepe una jina lako."

"Basi kuna mtu aliiazima."

"Nyimbo tu, eh?"

"Fundi, hata mimi nashangaa zilikuwa zinaimba vipi na umati wote huo."

Saa sita kasoro dakika tano namba ilifika mia. Akaiwasha kompyuta kikamilifu, akaipekua tena haraka, sehemu zile mbaya tu. Daktari akatoka ofisini saa sita kamili. Skrini ilikuwa imeandika sifuri, kwa kijani. Kimya akaweka ile programu safi ya printa, akarekebisha vipimo vya lebo mbele yake, akachapisha moja, jina lote likatoka, mwanzo hadi mwisho.

"Kimeondoka?" daktari akauliza.

"Hapa kimeondoka. Siwezi kukuahidi hakitaletwa tena na mtu. Naweza kukuahidi hakina tena pa kulala."

Daktari akaichukua lebo, akaigeuza huku na huku. "Umebakiza siku tisa za majaribio," akasema. "Nitaangalia siku tisa."

Mchana ule Kimya aliiwasha upya akiba ya kompyuta, akaipiga picha moja safi. Kisha akaomba daftari langu. Alisoma ukurasa wa Bi Mkubwa wote, hatua kwa hatua, akasema, "Ameandika vizuri huyu mama. Hakuna alichokosea." Akaongeza mstari mmoja juu ya hatua ya kwanza, kwa herufi zake ndogo: piga simu kwa fundi, ungoje ajibu.

Siku tisa zile nilizihesabu kwa vidole. Kila asubuhi nilikuwa nawasha kompyuta nimeegemea nyuma, kama mtu anayefungua sufuria inayochemka. Siku ya nne printa ilikwama karatasi. Mkono ukaenda droo, nikaushika kwa mkono mwingine, nikapiga simu.

"Fundi, imekwama."

"Umefungua kifuniko?"

"Bado."

"Fungua, vuta karatasi taratibu."

Nikavuta, ikatoka. Mambo ya dakika moja. Nilijiona mjinga, lakini yeye akasema, "Asante kwa kupiga," na hakuwa anatania.

Siku ya tisa daktari alimwita ofisini, akaniita na mimi. Nilidhani ndiyo naenda kukabidhiwa ufagio. Mkataba ulikuwa mezani, kurasa nne. Kimya akausoma wote, neno kwa neno, daktari anagonga meza kwa kalamu.

"Kuna nini, fundi? Ni wa kawaida."

"Naomba kuongeza vitu viwili. Flashi zisichomekwe mapokezi bila kupita kwangu."

"Andika."

"Na karani wa mapokezi nimfundishe, Jumamosi mbili. Mambo yote, si matatu."

Daktari akanitazama juu ya miwani. "Yaani unataka abaki?"

"Ni mtu pekee hapa aliyewahi kusoma maelekezo akayafuata mpaka mwisho," Kimya akasema. "Tatizo ni kwamba hakuna aliyempa maelekezo mengine."

Sikujua niangalie wapi, nikaangalia dirisha. Daktari akaandika ile mistari miwili kwa mkono, akatia sahihi pembeni, akamgeuzia karatasi. Kimya akatia sahihi yake, ndogo, bila mbwembwe. Nilitaka kupiga vigelegele, lakini nje kulikuwa na wagonjwa.

Tulirudi dirishani. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nilimshika mkono chini ya meza, pale ambapo watu hawaoni.

"Mwanangu," nikasema.

"Fundi," akasema, lakini hakuutoa mkono haraka. Kisha akavuta kiti cha pili, akakiweka kando ya changu, mbele ya skrini.

"Sogea kidogo, mama."

Nikasogea.